Go up to, come up to, walk up to au approach: useme lipi unapomwendea mtu?

Mmoja wa wanafunzi wangu wa darasa la jioni anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya ufukweni, upande wa mashariki wa Unguja. Siku moja mgeni alisahau kusaini bili ya chakula cha mchana. Kijana akatoka mapokezi, akamkuta mgeni amekaa kando ya bwawa la kuogelea, akamsalimia, akampa karatasi na kalamu. Mgeni akasaini, akamshukuru, yakaisha. Mwisho wa zamu kijana akaandika kwenye daftari la taarifa: "I followed the guest to the swimming pool."

Kesho yake asubuhi akaitwa ofisini. Meneja, ambaye Kiswahili hakijui, alichosoma yeye ni kwamba mfanyakazi wa kiume amemwandama mgeni wa kike hadi bwawani. Kijana akatakiwa aandike barua ya maelezo. Jioni alikuja nayo darasani, ameikunja mara nne mfukoni, akaniambia, "Mwalimu, mimi nilimfuata tu. Kosa langu liko wapi?"

Kosa lake ni letu wengi. Kwetu "kumfuata mtu" kuna maana mbili zinazoishi nyumba moja bila kugombana: kwenda nyuma yake, na kumwendea pale alipo. Mama akikwambia "mfuate mwalimu ofisini umuulize", humnyatii mwalimu, unakwenda kumwona. Kiingereza kimezitenganisha maana hizo. "Follow" imebaki na ile ya kwenda nyuma ya mtu, na kwa kumwendea mtu ili useme naye yapo maneno mengine kabisa. Yanayosikika kila siku ni manne: "go up to", "come up to", "walk up to" na "approach". La tano, "reach out to", nitaligusa kwa ufupi kwa sababu limejaa kwenye barua pepe za kazi na watu wanaliweka mahali ambapo si pake.

Hiyo "up" haipandi popote

Matatu ya mwanzo ni ya jamii ile ambayo shuleni tuliambiwa ni "phrasal verbs": kitenzi cha kawaida kinachobeba mkia wa neno moja au mawili, na mkia ule ukageuza maana. Wanafunzi wangu wakiona "up" hutazama juu. Wakisoma "She went up to him" wanampandisha ngazi yule dada. Hapa "up" inasema kwamba mwendo umefika hadi karibu kabisa. Inafanana na ile "up" ya "drink up", yaani kunywa mpaka kikombe kiwe kitupu, au "eat up", kula mpaka sahani ibaki nyeupe. Kisha "to" inamtaja mtu aliyefikiwa.

Upo mtego mwingine, na huu unatuhusu sisi Waswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Chukua "He came up to me", ifasiri neno kwa neno, utapata "alinijia juu". Na kumjia mtu juu kwetu ni kumfokea na kumvaa kwa hasira! Niliwahi kuwapa darasa hadithi fupi ambamo muuza duka anatoka nyuma ya meza yake na "comes up to" mtoto aliyesimama mlangoni. Nikauliza muuza duka alifanya nini. Wanafunzi watatu wakaandika kwamba alimgombeza mtoto. Walikuwa wamesoma maneno ya Kiingereza kwa sikio la Kiswahili. "He came up to me" haina hasira hata chembe. Ukitaka kusema alinijia juu, Kiingereza kinasema "He came at me", kwa maneno au kwa ngumi. Ukiangusha "up to" ukaweka "at", mgeni aliyekuja kukuomba taulo atasomeka kama mgeni aliyekuja kukupiga.

Dawa tunayo wenyewe, imo ndani ya kauli ya kutendea. Kwenda tumekifanya kwendea, kuja tumekifanya kujia. Kile kinachofanywa na "up to" kwa Kiingereza, sisi tunakifanya kwa silabi moja katikati ya kitenzi. "Nilimwendea" ni "I went up to him". "Alinijia" ni "She came up to me". Anayeijua tofauti ya kumwendea na kujiwa ameshajua nusu ya somo hili kabla hajafungua daftari.

Tutayapima kwa nini

Kila neno nitaliweka kwenye mizani ileile. Kwanza, macho ya msimuliaji yako wapi, kwa anayeondoka au kwa anayefikiwa. Pili, uzito wake: ni neno la barazani au la ofisini. Tatu, umbo lake kwenye sentensi, hasa ile "to", na kama linakubali kauli ya kutendwa. Nne, mitego, yaani maana nyingine zinazojificha chini ya maneno yaleyale. Mwisho, linamfaa nani.

Go up to

*Macho.* Yako kwa anayeondoka. "I went up to the guard and asked him to open the gate." Mimi ndiye niliyenyanyuka nikamwendea mlinzi. Umbali ni mfupi na yule unayemwendea unamwona: yuko ng'ambo ya chumba, kwenye foleni, chini ya mwembe pale. Shangazi aliyeko Mwanza huwezi kum-"go up to" ukiwa Dar es Salaam. Kwake unasema "I went to see my aunt".

*Uzito.* Ni neno la mazungumzo, jepesi, linatumiwa na wakubwa na watoto. Si la mtaani kiasi cha kukuaibisha, ila barua ya maombi ya kazi ingependa lingine.

*Umbo.* "Go, went, gone", kisha "up to" haitenganishwi na mtu anakuja mwisho: "went up to him". Kumpachika mtu katikati, "went him up to", hakuna. Ukiuliza swali, "to" inabaki peke yake mkiani: "Who did you go up to?" Wengi wanaiogopa sentensi inayoisha na "to" wakidhani imekatika. Haijakatika, ndivyo inavyosemwa. Kauli ya kutendwa haina. Ukitamka, mkazo uweke kwenye "up", na "to" ipite haraka kama pumzi. Ukitaka kusema mtu alikwenda moja kwa moja bila kusita, ongeza "straight": "She went straight up to the driver."

*Mitego.* Ikifuatwa na mtu, "up" haipandi. Ikifuatwa na ghorofa, inapanda kwelikweli: "Go up to the third floor." Mgeni akiuliza meneja yuko wapi ukamjibu "go up to the manager", na ofisi ya meneja iko juu, hapo maana zote mbili zinaingia na hakuna aliyekosea. Uingereza pia wana mazoea ya kusema "go up to London" kwa kusafiri kwenda London, hata kama safari yenyewe haina mlima.

Kuna tofauti moja ndogo ambayo naomba uishike vizuri. "I went up to the manager" ni nilimsogelea meneja pale aliposimama. "I went to the manager" ni nilipeleka jambo kwa meneja, na mara nyingi jambo lenyewe ni malalamiko. Ukimwambia mwenzako kazini "I'm going to the manager", anaweza kudhani unakwenda kumshitaki.

*Linamfaa nani.* Anayesimulia hatua zake mwenyewe, na anayemwelekeza mtu afanye nini: "Go up to that lady in the green scarf and ask her." Ukifanya kazi ya kuongoza wageni sokoni Darajani au bandarini, hili litakutoka mdomoni mara nyingi kuliko mengine yote.

Come up to

*Macho.* Yamehamia kwa anayefikiwa. "A man came up to me at the ferry and offered to carry my bag." Mimi nimesimama, yeye ndiye aliyenijia. Mpaka hapo ni kama Kiswahili.

Raha inaanza pale hadithi inapokuwa ya watu wawili na wewe si mmoja wao. Tuseme Asha amesimama kituoni na mzee mmoja anamwendea. Kama tangu mwanzo tumekuwa na Asha, tumeona jua linavyomchoma na daladala zinavyompita, tunasema "An old man came up to Asha". Kama tumekuwa na mzee, tumemwona akitafuta mtu wa kumuuliza njia, tunasema "He went up to a girl at the bus stop". Tukio ni moja, kiti cha kutazamia ndicho kilichobadilika. Mtunzi hodari wa Kiswahili anafanya vivyo hivyo: "mzee mmoja akamjia Asha", "mzee akamwendea binti mmoja". Wanafunzi wengi hushika "go" kwa kila jambo ambalo si "mimi", na hadithi zao zinakuwa kama zinatazamwa na mtu aliye mbali, juu ya mnara.

Na ukimwambia mtu kwamba utamwendea yeye, Kiingereza kinasema "come", kama sisi: "I'll come up to you after the meeting", nitakuja kwako baada ya kikao. Hapo akili yako ya Kiswahili iamini, haikupotoshi.

*Uzito.* Sawa na "go up to".

*Umbo.* "Come, came, come". Mengine yote ni yaleyale: halitenganishwi, halina kutendwa. "Right" ikiingia katikati, "She came right up to me", mtu amekusogelea kabisa, pua kwa pua karibu. Inaweza kuwa mapenzi, inaweza kuwa utovu wa adabu. Sentensi inayofuata ndiyo itakayokwambia.

*Mitego.* Hili ndilo lenye mitego mingi. "The water came up to my knees": maji yalinifika magotini. "My son comes up to my shoulder": mwanangu ananifika begani. "It's coming up to six": inakaribia saa kumi na mbili. Ukiyatazama vizuri, yote yanarudi kwenye kufikia mahali, kwa hiyo maana yake utaibahatisha hata kama hujawahi kuyasikia.

Hatari iko kwa majirani zake wanaofanana sura. "Come up with" ni kubuni wazo: "She came up with a plan." Likikosewa hili halidhuru mtu. "Come at" tumeshaliona, ni kushambulia. "Come on to" ndilo linalotisha zaidi, kwa sababu ni kumtaka mtu kimapenzi, kile ambacho vijana wa Bara wanakiita kumtokea mtu. Binti akiandika "The guest came on to me at the bar" wakati alitaka kusema mgeni alimjia kaunta kuagiza soda, ameandika tuhuma. Na kinyume chake kinaniuma zaidi: binti aliyesumbuliwa kweli akaandika "came up to me", na msomaji asione tatizo lolote. Wote wawili wanastahili kueleweka. Kwa hiyo maneno haya mawili ninayafundisha siku moja, ubaoni, moja likitazamana na jingine, na sifuti ubao mpaka kila mmoja awe ametunga sentensi zake.

Kuna na hili la "came to me" bila "up". "She came to me" ni alikuja kwangu kutaka msaada au ushauri, labda kutoka mbali, labda akiwa na shida. "She came up to me" ni alinisogelea pale niliposimama. Mjane aliyekuja kwa balozi wa nyumba kumi kueleza shida yake "came to him". Mtoto aliyenisogelea barabarani kuuliza saa "came up to me".

*Linamfaa nani.* Anayesimulia yaliyomfika. Shahidi, mwathirika, mtu anayeeleza siku yake ilivyokuwa, mzazi anayemfundisha mwanawe la kufanya mtu asiyemjua akimsogelea: "If someone you don't know comes up to you, come back to me."

Walk up to

*Macho.* Hapa neno halijali macho yako wapi. "I walked up to her" na "She walked up to me" zote ni sawa. Hiyo ni nafuu kubwa kwa anayejifunza, kwa sababu huhitaji kuchagua kati ya "go" na "come".

*Uzito.* La kila siku, ila lina picha kidogo kuliko yale mawili. Msomaji anaona miguu.

*Umbo.* Rahisi kuliko yote: "walk, walked, walked". "Up to" inakaa palepale.

*Mitego.* Ni moja tu: lazima mtu awe ametembea kwa miguu. Aliyekuja na bodaboda "rode up to me", wa gari "drove up to me", mtoto aliyekuja mbio "ran up to me", anayenyata "crept up to me". Ukishaijua "up to", vitenzi vya mwendo karibu vyote vinafunguka kwa ufunguo huo mmoja. Na kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, rudi kwenye "came up to" au "went up to". Maneno hayo hayahoji mtu alifikaje.

*Linamfaa nani.* Anayeanza kujifunza na anaogopa kukosea, na mwandishi wa hadithi anayetaka tukio lionekane. "Walk up to" ina ujasiri fulani ndani yake, mtu aliyeamua. Kijana aliyesita siku tatu kumwomba fundi amchukue awe mwanagenzi, siku ya nne akaenda, huyo "walked up to him".

Approach

*Macho.* Halijali, kama "walk up to". Zaidi ya hapo, halijali hata kama mtu amesogea. Unaweza kum-"approach" mtu kwa barua, kwa simu au kwa kumtuma mwingine. "We approached the bank for a loan" haisemi kwamba tulimsogelea karani. Inasema tulipeleka ombi la mkopo.

*Uzito.* Hapa ndipo lilipoachana na wenzake. "Come", "go" na "up" ni maneno ya asili ya Kiingereza, ya kijijini, ya mama na mtoto. "Approach" lilitoka Kifaransa. Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na mahakama kwa karne kadhaa, na maneno mengi yaliyoingia kwa mlango huo bado yanavaa koti. Ukilichimba zaidi unafika Kilatini, "prope", maana yake karibu. Yaani "approach" ni kukaribia, limeundwa kwa fikra ileile iliyounda neno letu, tofauti ni kwamba "karibu" yetu tuliipata kwa Waarabu na yao waliipata Roma. Kila nikilifikia hili darasani nasimama kidogo, kwa sababu watu wawili wasiowahi kuonana wamelitazama jambo moja na kuliita jina moja.

*Umbo.* Hapa penye kosa nambari moja: halitaki "to". "I approached the guest", basi. Tukishazoea "go up to" na "come up to" mkono unaiandika "to" wenyewe, na Kiswahili nacho kinatusukuma, "nilikwenda kwa". Ikate. "To" inarudi pale tu "approach" linapokuwa nomino: "a new approach to teaching". Ukitaka kutaja jambo lililokupeleka, tumia "about", na ukienda kuomba kitu, tumia "for". Na ndilo pekee kati ya manne linalokubali kutendwa bila taabu: "I was approached by a stranger." Sentensi kama hiyo kwa yale mengine huwezi kuiunda.

*Mitego.* Kutendwa huko kuna harufu yake. "I was approached" mara nyingi hudokeza kwamba aliyekuja alikuwa na ombi au ofa, nzuri au mbaya. Kwenye habari za usajili utasoma kwamba klabu fulani "made an approach" kwa mchezaji, maana yake imeanza kumuulizia. Kwenye kriketi, mchezaji anayefuatwa na mtu mwenye ofa ya kupanga matokeo anatakiwa kuripoti "approach" hiyo kwa wasimamizi. Kwa hiyo ukiandika "I was approached by the supplier", msomaji atasubiri aambiwe msambazaji alitaka nini. Mwambie papo hapo.

Mtego wa pili ni wa kwetu. Vijana mtaani wamelichukua neno hili na kulipa kazi ya kutongoza: "nilimuaprochi". Kwa Kiingereza chenyewe halina mapenzi mpaka sentensi iyataje. Usiogope kuliandika kwenye taarifa ya kazi.

Linaye na ndugu mmoja wa kumjua: "approachable", mtu asiye na makuu, unayeweza kumwendea na shida yako bila woga. Ukisomewa hilo kwenye tathmini yako kazini, umesifiwa.

*Linamfaa nani.* Anayeandika kwa ajili ya watu wasiomjua: taarifa, barua, maelezo polisi, maombi. Kwenye gumzo la jioni linasikika zito kidogo, kama mtu aliyekuja barazani amevaa tai.

Reach out to, kwa ufupi

Hili halina mwili. "I reached out to her" ni niliwasiliana naye, kwa kawaida kwa simu au ujumbe, nikitaka msaada au nikitoa msaada. Wamarekani wanalipenda sana kwenye barua pepe za kazi. Uzito wake uko katikati, "to" linaitaka, na mtego wake ni kulitumia kwa mtu aliyesimama mbele yako. Yule mgeni wa bwawani hukum-"reach out". Linamfaa anayemtafuta mtu aliye mbali, au anayempa pole mtu aliyenyamaza siku nyingi: "She reached out to me after the funeral." Hapo ni neno zuri, lina mkono ulionyooshwa ndani yake.

Uko kwenye hali gani?

Unawasimulia marafiki kilichokupata leo: "came up to me" kwa aliyekujia, "went up to" kwa uliyemwendea wewe. Ukichanganyikiwa katikati ya sentensi, "walked up to" itakuvusha.

Unamwelekeza mgeni amuulize mtu: "Go up to the man at the desk." Kama dawati liko ghorofani, taja ghorofa kwanza, kisha mtu.

Umo kwenye usaili wa kazi ukaulizwa utafanya nini ukiona mteja amekasirika: "I would approach the customer calmly." Ukisema "go up to" hujakosea, na wasaili wengi hawatajali. Chagua linalotoka bila kukwama, kwa sababu neno jepesi lililotamkwa vizuri linasikika vyema kuliko zito lililotafutwa.

Unatoa maelezo polisi au unajaza fomu ya tukio: "approached", pamoja na mahali, umbali na maneno yaliyosemwa. Kama mtu alikushambulia, andika "came at me". Kama alikutaka kimapenzi, andika "came on to me", au eleza waziwazi alichokisema na alichokifanya. Hapa usipunguze uzito kwa adabu.

Unaandika insha au hadithi: amua kwanza unatembea na nani, ndipo uchague "came" au "went". "Approached" moja moja si mbaya, zikifululiza hadithi inakuwa jalada la kesi.

Unamwandikia mtu usiyewahi kuonana naye: "I am reaching out to you about..." inakubalika, na "I am writing to you about..." haijawahi kumkera mtu.

Na kama unaandika daftari la zamu, futa "followed" kabisa kwa wiki chache mpaka mkono usahau. Kijana wangu alirudishwa kazini bila onyo, baada ya mfanyakazi mwenzake anayezijua lugha zote mbili kumweleza meneja. Juzi alinionyesha ukurasa wa zamu yake ya Ijumaa. Mgeni mwingine, bili nyingine, bwawa lilelile: "I approached the guest by the pool about her lunch bill. She signed it." Chini yake ameweka saa na sahihi yake.